Maneno ya Kiingereza Ndani ya Jina Nyamira

Jina la Nyamira, wilaya iliyotengwa na Kisii na ambayo leo ni kaunti, lina hazina ndani yake. Zipangeni upya herufi zake 7: mtapata "rain", yaani mvua, "army", jeshi, na "airman", askari wa ndege. Jina Kisii, lenye irabu moja tu, hutoa machache, kama "is" na "ski".

Mchezo huu una faida. Lugha ya Ekegusii kwa asili haina sauti ya L. Hivyo mwanafunzi huweza kuandika "rice", mchele, alipokusudia "lice", chawa. Atafutaye maneno kwa herufi huzoeza macho, wala hategemei masikio peke yake. Basi wazazi, wapeni watoto jina la kijiji chenu walichambue. Haba na haba hujaza kibaba.