Nyama Ile Ililiwa na Nani? Kufundisha Hadithi za Kubuni kwa Vitabu na Filamu za Katuni

Utangulizi

Wakati wa mazoezi ya kufundisha tuliketi nyuma ya Darasa la Pili katika shule moja ya upande wa Genkuru. Mwalimu-mwanafunzi aliyekuwa mbele alisimulia vizuri kisa cha fisi aliyefika njia panda, akasikia harufu ya nyama ikitoka pande zote mbili. Fisi akaweka miguu ya kulia katika njia hii na miguu ya kushoto katika njia ile, akaenda hivyo hivyo hata akapasuka msamba. Watoto wakacheka sana. Papo hapo mwalimu akauliza: "Hadithi hii inatufundisha nini?" Darasa zima likajibu kwa sauti moja: "Tusiwe na tamaa!"

Ndipo mtoto mmoja wa dawati la nyuma akanyosha kidole. "Mwalimu, na nyama ile ililiwa na nani?" Akaambiwa aketi, maana swali lake halimo katika somo. Akaketi, na hakunyosha kidole tena mpaka kengele ilipolia.

Hatukieleze kisa hiki kwa kumlaumu kijana yule. Sisi wenyewe tulipoanza kazi tulifanya kosa hilo hilo mara nyingi. Tunakieleza kwa sababu katika darasa lile ni mtoto mmoja tu aliyekuwa bado yumo ndani ya hadithi. Wengine wote walikwisha kutoka, wakarudi kwenye jibu walilolizoea. Madhumuni ya makala hii ni kueleza hadithi ya kubuni hufanyaje kazi katika akili ya mtoto, vitabu na filamu za katuni zinatofautianaje katika kazi hiyo, na mwalimu wa shule ya msingi, hata asiye na umeme darasani, azitumieje.

Maana ya hadithi ya kubuni

Wapo wanaodhani kwamba kubuni ni kusema lolote liwalo. Sivyo. Hadithi nzuri ya kubuni huomba msikilizaji akubali jambo moja au mawili ya ajabu, kisha mengine yote hufuata kanuni. Katika kisa cha njia panda tunaombwa kukubali kwamba fisi anafikiri kama mtu. Baada ya hapo kila kitu ni cha kawaida: nyama ina harufu, njia zinaachana, na miguu ina mwisho wa kutanuka. Kichekesho kinatokana na kanuni hizo. Kama fisi angeweza kuruka angani, hadithi isingekuwapo.

Ni dhahiri basi kwamba mtoto aliyeuliza habari za nyama alikuwa anafikiri sawasawa. Ikiwa nyama ilikuwapo na fisi hakuifikia, lazima ilibaki mahali fulani au ililiwa na mwingine. Akili inayouliza hivyo ndiyo itakayouliza baadaye kwa nini maji ya sufuria yamepungua, au kwa nini hesabu haikutoka. Ubunifu na hoja hazigombani, hutembea pamoja.

Mfano mwingine unatoka mbali. Mwaka 1940 kitabu cha Lewis Carroll kuhusu msichana aliyemfuata sungura shimoni kilitolewa kwa Kiswahili kwa jina la Elisi katika Nchi ya Ajabu, na michoro yake ilimwonyesha Elisi kuwa msichana wa Kiafrika. Mwaka 2015 ilitokea tafsiri mpya ya Ida Hadjivayanis, iitwayo Alisi Ndani ya Nchi ya Ajabu. Kitabu hicho kimeishi kwa sababu nchi ya ajabu ina sheria zake, na msichana huyo hachoki kuuliza maswali juu yake.

Filamu za katuni ni nini?

Filamu ya katuni ni michoro mingi inayotofautiana kidogo kidogo, ikionyeshwa kwa haraka hata jicho likadhani kwamba mchoro mmoja unatembea. Katika sinema ya kawaida huonyeshwa picha 24 kwa kila sekunde, kwa hiyo filamu ya dakika 10 ina picha 14,400. Aghalabu mchoro mmoja hupigwa picha mara mbili, hivyo michoro 12 hutosha kwa sekunde moja. Siku hizi kompyuta hurahisisha kazi, lakini msingi haujabadilika.

Afrika haikuchelewa sana katika sanaa hii. Moustapha Alassane wa Niger alitengeneza filamu fupi ya katuni mwaka 1966, Bon voyage Sim, ambamo vyura wanaishi na kutawalana kama watu. Hapa Afrika Mashariki, mfululizo uitwao Tinga Tinga Tales ulianza kuonyeshwa mwaka 2010. Michoro yake ilitengenezwa Nairobi, na hadithi zake nyingi ni zile za "kwa nini": kwa nini mnyama fulani yuko jinsi alivyo. Sura ya wanyama wake imetokana na mtindo wa Edward Saidi Tingatinga, Mtanzania aliyezaliwa mwaka 1932 na kufariki mwaka 1972, ambaye alichora jijini Dar es Salaam kwa rangi za mafuta juu ya vipande vya mbao. Uchoraji uliouzwa kando ya barabara ukawa filamu iliyotazamwa na watoto wa nchi nyingi.

Mwaka 2014 kipindi cha Ubongo Kids, kilichotengenezwa Dar es Salaam, kilianza kurushwa katika televisheni ya taifa, kikifundisha hisabati na sayansi kwa hadithi na nyimbo. Watengenezaji hao hao walitoa pia Akili and Me kwa watoto ambao hawajaanza shule. Akili ni msichana mdogo anayeishi chini ya Mlima Kilimanjaro. Anapolala huingia katika nchi ya ndotoni, na huko marafiki zake wanyama humfundisha herufi, namba na maneno. Hapa tena jambo la ajabu ni moja, yaani usingizi unafungua mlango. Mtoto yeyote huota, kwa hiyo mlango huo anaujua.

Hadithi ya mdomo, kitabu na filamu

Mwalimu akisema kwa mdomo, "Fisi akafika njia panda," kila mtoto huchora njia panda yake kichwani. Wa Genkuru ataona ile ya kwenda mtoni, na wa mjini Tarime ataona ya lami. Kitabu chenye picha humpa mtoto sehemu tu. Kinamwonyesha fisi kabla hajapasuka na baada ya kupasuka, na katikati mtoto hujaza mwenyewe wakati wa kufunua ukurasa. Filamu humpa karibu kila kitu: rangi, mwendo, sauti, hata muziki wa kumwambia acheke au aogope.

Hatusemi kwamba filamu ni mbaya. Kuna mambo ambayo filamu huyaeleza vizuri kuliko sisi, kama vile mbegu inavyochipua au namba zinavyojipanga. Lakini filamu haingoji. Mtoto akiuliza swali, yenyewe imekwisha kupita. Anayeweza kungoja ni mwalimu. Kwa sababu hiyo tunapendekeza mpango huu: watoto wasikie kwanza, wafikiri na kuchora, ndipo waone picha ya kitabu au filamu. Mtoto aliyekwisha kumchora fisi wake ataitazama filamu kama fundi anavyotazama kazi ya fundi mwenzake, na atasema, "Mimi sikumwona hivyo." Sentensi hiyo ni mavuno makubwa.

Kuchagua hadithi

Watoto wa wilaya za Tarime na Serengeti hawahitaji kuelezwa fisi ni nani. Wanaishi karibu na Hifadhi ya Serengeti na Mto Mara, ambao nyumbu huuvuka kila mwaka wakiyafuata malisho. Utajiri huu utumike. Hata hivyo yapo mambo mawili ya kuangaliwa.

La kwanza ni heshima. Baadhi ya koo za Wakurya zina mnyama ambaye ni ishara ya ukoo, na watu wake humheshimu. Mwalimu mgeni akimfanya mnyama huyo mpumbavu mbele ya darasa, huenda anamcheka babu wa mtoto pasipo kujua. Yafaa kuwauliza wazee wa kijiji mapema. Mara nyingi mzee huyo huyo atakubali kuja shuleni kusimulia, naye atafanya kazi hiyo vizuri kuliko sisi.

La pili ni lugha. Watoto wengi huanza shule wakisema Kikurya, Kingoreme au lugha nyingine ya nyumbani, na Kiswahili wanajifunza. Mtoto anayenyamaza pengine hakukosa mawazo, amekosa maneno. Aruhusiwe kumsimulia jirani yake kwanza kwa lugha ya nyumbani, kisha wawili hao watafute pamoja maneno ya Kiswahili. Tangu mwaka 2015 mtaala wa Darasa la Kwanza na la Pili umetilia mkazo kusoma, kuandika na kuhesabu. Hadithi haiibi muda wa kazi hiyo, bali huipa sababu, kwani mtoto husoma kwa bidii anapotaka kujua kilichotokea.

Zana zisizohitaji umeme

Zana ya kwanza ni daftari. Mtoto achore umbo rahisi, kwa mfano fisi wa mistari michache, kwenye pembe ya ukurasa wa mwisho. Ukurasa unaotangulia achore fisi yule yule, miguu imetanuka kidogo zaidi, na kadhalika kwa kurasa 20. Kisha apekue pembe hizo upesi kwa kidole gumba kutoka nyuma. Fisi atatembea. Kwa dakika chache darasa litakuwa limeelewa siri yote ya filamu ya katuni.

Zana ya pili ni kisahani cha kadibodi. Upande mmoja chora ndege, na upande wa pili chora tundu, kichwa chini miguu juu. Toboa matundu mawili kandokando, funga nyuzi, kisha zisokote kwa vidole. Kisahani kikizunguka, ndege ataonekana yumo ndani ya tundu.

Zana ya tatu ni sinema ya boksi. Tafuta boksi kubwa, kata dirisha upande mmoja, kisha pitisha vijiti viwili, kimoja juu na kimoja chini. Gundisha karatasi ziwe ukanda mrefu, kila karatasi ikiwa na tukio moja la hadithi lililochorwa na kikundi kimoja, na uzungushe ukanda huo kwenye vijiti. Mtoto mmoja azungushe, wengine wasimulie. Hapa darasa zima huwa watunzi, wachoraji na wasimulizi kwa pamoja.

Hatua za somo

Kwa kipindi cha dakika 30 mpango ufuatao unafaa:

1. Utangulizi (dakika 3). Waite watoto kwa desturi ya hadithi, "Paukwa!" nao waitike, "Pakawa!" Mwito huo huwaambia kwamba sasa wanaingia mahali penye kanuni nyingine.

2. Usimulizi (dakika 7). Simulia bila kusoma kitabu neno kwa neno. Simama mahali pamoja tu penye mashaka, uulize: "Mnadhani atafanya nini?" Usisahihishe majibu.

3. Maswali (dakika 8). Anza na yale ya tukio: nani, wapi, lini. Fuatisha ya sababu: kwa nini fisi hakuchagua njia moja? Kisha ya kubuni: ingekuwaje kama wangekuwa fisi wawili? Mwisho, waache watoto waulize wao. Hatua hii ya mwisho ndiyo hurukwa mara nyingi.

4. Kazi (dakika 10). Kila mtoto achore tukio moja ambalo halikusimuliwa, na aandike chini yake neno au sentensi kwa kadiri ya uwezo wake.

5. Kumalizia (dakika 2). Watoto wawili au watatu waeleze michoro yao.

Mtaona kwamba swali la "Inatufundisha nini?" halimo. Hatulikatazi. Methali ya "Njia mbili zilimshinda fisi" ni ya thamani, na watoto hawana budi kuijua. Lakini fundisho linalotolewa kabla mtoto hajamaliza kukaa ndani ya hadithi huwa kama kifuniko kinachowekwa juu ya chungu ambacho hakijachemka. Fundisho lije siku ya pili, na lije kutoka kwa watoto wenyewe.

Katika kupima, msitazame uzuri wa mchoro. Tazameni kama tukio alilobuni mtoto linafuata kanuni za hadithi. Mtoto aliyemchora sungura akivuta nyama kimyakimya kwenye njia ya kushoto wakati fisi anahangaika amefaulu, hata kama sungura wake anafanana na punda.

Hitimisho

Baada ya kipindi kile tulizungumza na mwalimu-mwanafunzi wetu. Siku ya pili, kwa hiari yake, alirudi kwenye hadithi ile ile, akamwita mtoto wa dawati la nyuma na kumwomba arudie swali lake mbele ya wote. Mtoto alisita, kisha akauliza kwa sauti ndogo. Darasa likalipuka kwa majibu. Wapo waliosema nyama ililiwa na tai. Wengine walisema mwenye nyama alikuja kuichukua kwa karamu ya harusi. Msichana mmoja alisema haikuwapo nyama yoyote, ilikuwa harufu tu, na mwenye kuieneza ni sungura.

Ndugu walimu watarajiwa, mtakwenda katika shule ambazo baadhi yake hazina filamu, na pengine vitabu vya hadithi vitakuwa vichache. Msikate tamaa kwa hilo. Lakini kila shule mtakayokwenda itakuwa na mtoto mmoja wa dawati la nyuma aliyenyosha kidole. Mruhusuni aulize.