UNATAKA KIWANJA CHA BICHI? KWANZA HESABU HATUA 80

Mji umeingiwa na ugonjwa mpya. Kila kijana aliyeshika vijisenti kidogo, awe na fremu Kariakoo, awe wa ofisini au mwenye bodaboda zake mbili, ndoto ni ile ile: kiwanja cha bichi. Kigamboni, Mbweni, Bagamoyo... asubuhi unafungua dirisha, bahari hiyo hapo. Jioni washikaji wanatinga, mishikaki, muziki, upepo wa bure. Nani hataki?

Mimi mwenyewe nataka. Tatizo ni moja tu, bahari nayo inataka kiwanja.

Si utani. Waulize waliokula ujana wao Dar ya zamani kuhusu hoteli ya Africana kule Kunduchi. Ilikuwa ndiyo habari ya mjini. Bahari ikawa inamega ufuko kidogo kidogo, mwisho wenyewe wakanyoosha mikono, hoteli ikaachwa. Na hapo maji hayakuwa peke yake. Wachimba mchanga walikuwa wanakomba mito inayoleta mchanga ufukweni, na wavuvi wa baruti wanavunja matumbawe ambayo ndiyo yanayopunguza nguvu ya mawimbi. Ukishabomoa ukuta wa nyumba yako, usimlaumu mwizi peke yake!

Halafu kuna Maziwe, nje kidogo ya Pangani. Kilikuwa kisiwa hasa, chenye miti, kasa wanapanda usiku kutaga mayai. Serikali ikakifanya hifadhi mwaka 1975. Karatasi ikasainiwa, miti ikakatwa hivyo hivyo, na mwishoni mwa miaka ya 1970 kisiwa kikaenda na maji. Leo ni fungu la mchanga linalochungulia maji yakipwa. Watalii wanapelekwa na boti, wanapiga picha, maji yakianza kujaa wanakimbilia boti yao.

Mimi jiografia yangu ni ya kidato cha nne, lakini hili halihitaji shahada. Dunia ikipata joto, barafu inayeyuka na maji ya bahari yenyewe yanatanuka. Wanasayansi wa Umoja wa Mataifa wanasema kati ya mwaka 1901 na 2018 bahari duniani ilipanda kwa wastani wa sentimita 20. Utasema sentimita 20 si kitu, ni rula ndogo. Sawa. Ila kwenye ufuko ulio bapa, rula hiyo ikilazwa inakwenda mbali.

Sasa tuje kwenye sheria, na usifunge gazeti, maana hapa ndipo penye pesa yako.

Tanzania Bara tuna Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004. Kifungu cha 57 kinasema shughuli za kudumu za binadamu zisifanyike ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bahari, ziwa, mto au bwawa. Mita 60. Kwa mguu wa mtu mzima ni kama hatua 80 hivi. Waziri anaweza kutoa miongozo ya nini kifanyike humo ndani, lakini mwongozo wa waziri si neno la dalali.

Nasema dalali kwa sababu majuzi nilimsindikiza mshikaji wangu mmoja Kigamboni kuangalia ploti. Fedha zenyewe si zake peke yake. Mama yake alikuwa muuguzi, kastaafu, na nusu ya kiinua mgongo kamkabidhi mwanawe atafute ardhi. Dalali, kijana mtanashati, miwani ya jua mpaka kivulini, akatupeleka saa tano asubuhi, maji yametoka mpaka unaona mwamba. Bichi pana kama uwanja wa mpira! Mshikaji wangu macho yakamtoka. Tayari alishaanza kuniambia jiko litakaa wapi.

Mimi nikamwuliza dalali, maji yakijaa yanafika wapi? Akacheka. “Hapa hayafiki, bro.” Kuna mama alikuwa anauza mihogo ya kukaanga chini ya mkungu. Nikamwamkia, nikamwuliza yeye. Akanyoosha kidole bila hata kusimama: “Mwanangu, bamvua linafika pale kwenye lile gogo.” Tukahesabu kutoka kwenye gogo. Hatua 31, na hapo tumeshagusa kigingi cha nyuma cha kiwanja. Yaani kiwanja kizima, mbele mpaka nyuma, kiko ndani ya mita 60!

Dalali akageuka mbogo. Eti sheria hiyo ni ya wenye mahoteli. Mshikaji akataka kuona ramani ya mipango miji, dalali akadai iko kwa mwenzake. Mwenzake hakupokea simu. Tukapanda kivuko tukarudi zetu, pesa ya bi mkubwa iko salama mfukoni, na jamaa kaninunia mpaka Posta.

Hapo ndipo sheria inapomsaidia mtu: kabla hajatoa pesa. Ikija baadaye inakuja na katapila, na hiyo ni kasheshe nyingine kabisa. Wakazi wa bonde la Msimbazi wanaijua. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu zaidi ya 40 Dar es Salaam, na baadhi ya waliookoka wakapewa viwanja Mabwepande. Desemba 2015 zikaja alama za X nyekundu na bomoabomoa, na kifungu kilichotajwa kilikuwa hicho hicho cha mita 60. Watu wakalia kwamba umeme walivutiwa, na kodi ya majengo walilipa. Wengine wakakimbilia mahakamani. Kwa maoni yangu, na mhariri akipenda akate, sheria inayonyamaza miaka kumi halafu inaamka usiku na nyundo haimwokoi mtu na maji. Inamtoa kwenye maji na kumweka barabarani.

Tusilaumu tu, kuna mahali karatasi imezaa kitu. Mwaka 2007 serikali iliandika mpango wa taifa wa kukabiliana na mabadiliko ya tabianchi. Ni kitabu ambacho wewe na mimi hatukukisoma. Lakini bila kitabu hicho nchi isingegonga hodi kwenye mfuko wa kimataifa wa nchi maskini zaidi, mfuko uliotokana na mkataba wa tabianchi ambao nasi tumo. Tukagonga, pesa ikatoka. Ule ukuta wa bahari pale Barabara ya Barack Obama, unapokaa na mpenzi wako Jumapili mnakula karanga, ulijengwa upya kwa pesa za mifuko ya kimataifa ya tabianchi, na mwingine ukajengwa Kigamboni. Kazi ilikwisha mwaka 2018. Na Bagamoyo, ambako visima vilikuwa vinaingiliwa na chumvi, zikaja shughuli za maji safi. Kwa hiyo siku mtu akikwambia sera ni maneno matupu, mwonyeshe ulipokalia.

Ila ukuta ni ghali, na huwezi kuuzungusha pwani yote kuanzia Tanga mpaka Mtwara. Ukuta wa bei nafuu ni mikoko. Rufiji tunayo mingi kuliko sehemu nyingine yoyote ya Afrika Mashariki. Kwa sheria ya misitu ni mali ya hifadhi, huruhusiwi kuikata bila kibali. Pamoja na hayo imekuwa ikifyekwa kupata mashamba ya mpunga. Mkulima mwenye watoto sita ukimwambia “ni marufuku” halafu ukaondoka, unategemea nini? Atasubiri upotee kwenye kona.

Majirani zetu Kenya walipita njia nyingine, na hapa nawapigia saluti. Sheria yao ya misitu ya mwaka 2005 iliruhusu wanakijiji kuunda chama na kuwekeana mkataba na shirika la misitu la serikali. Kule Gazi, kusini ya Mombasa, watu wakautumia mlango huo. Tangu mwaka 2013 wana mradi unaoitwa Mikoko Pamoja, wanatunza hekta 117 za mikoko. Hewa ya ukaa inayofyonzwa na mikoko hiyo inapimwa na kuuzwa kwa watu wa nje wanaotaka kufidia moshi wao. Yaani wanauza hewa, na si kwa maana ile ya mjini! Fedha zinarudi kijijini kwenye maji na shule. Hapo mlinzi wa mkoko ni yule yule ambaye zamani angekuja na shoka.

Huku kwetu kitu kinachofanana nacho kipo kwa pweza. Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 inaruhusu vikundi vya wanakijiji vya kusimamia fukwe, na vikundi hivyo vinaweza kupendekeza sheria ndogo. Songosongo, kule Kilwa, ni moja ya sehemu zilizofunga mwamba kwa miezi mitatu hivi, hakuna kuingiza mshale wala chuma. Pweza anakua haraka sana, miezi hiyo inamtosha kunenepa. Siku ya kufungua mwamba ni kama sikukuu, kina mama na ndoo zao. Matumbawe yetu yaliungua kwa joto la bahari mwaka 1998, na mwamba uliopumzishwa una nafasi ya kupata nafuu. Mwani wa Zanzibar na joto lake nitauandikia siku nyingine, ile ni ngoma ndefu.

Turudi mjini kwa wale mnaosema “mimi sinunui ploti, hainihusu”. Inakuhusu. Kifungu cha 4 cha ile sheria ya 2004 kinampa kila mtu anayeishi Tanzania haki ya mazingira safi na salama, na ndani ya haki hiyo mwananchi anaruhusiwa kuyafikia maeneo ya umma, hata kama anakwenda kupunga upepo tu. Ndiyo, kupunga upepo kumo kwenye sheria! Kifungu cha 5 kinamruhusu mtu yeyote kwenda mahakamani mazingira yakitishiwa. Kwa hiyo ukikuta mtu kajenga ukuta mpaka majini na kigogo wake kakaa ndani, anzia kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, kisha afisa mazingira wa halmashauri. Nenda na picha. Nenda na wenzako watatu, maana mmoja anaambiwa “njoo kesho”.

Na kama bado unataka kiwanja, ombeni ramani ofisi ya ardhi ya wilaya, mkague wenyewe. Kisha nendeni siku ya bamvua, maji yakiwa yamejaa. Dalali akisema siku hiyo ana msiba, msubirini bamvua lijalo.