Kiungani: Shule iliyoanza na watoto watano wa jahazi la watumwa

MWAKA 1864 Sultani Majid wa Zanzibar alimkabidhi Askofu William Tozer, wa misheni ya Kianglikana ya UMCA, wavulana watano walionaswa katika jahazi la watumwa. Kutokana na watoto hao ilizaliwa Shule ya Kiungani, nje kidogo ya mji wa Zanzibar.

Miaka hiyohiyo makanisa ya Marekani nayo yaliwafungulia shule Weusi waliotoka utumwani. Fisk, mjini Nashville, ilianza mwaka 1866.

Wanafunzi wa Kiungani walitoka makabila mengi ya bara, na Kiswahili kikawa lugha yao ya pamoja. Wengi hawakuwa na njia ya kurudi kwao, na misheni ndiyo iliyowaamulia mustakabali wao: ualimu, uchapaji au utumishi wa Kanisa.

Hata hivyo, elimu iliwapa sauti. Mwaka 1887 A. C. Madan alichapisha kwa Kiingereza masimulizi yao wenyewe ya kutekwa na kuuzwa. Mwaka uliofuata likaanza Msimulizi, miongoni mwa magazeti ya kwanza ya Kiswahili. Naye Cecil Majaliwa, Myao aliyeuzwa utotoni, alipewa upadri mwaka 1890, Mwafrika wa kwanza katika misheni hiyo, na alihudumu kusini miongoni mwa Wayao wenzake.

Chuo kilihamia Minaki, Kisarawe, mwaka 1925. Baada ya uhuru kilitwaliwa na Serikali, na leo Minaki ni shule ya sekondari ya umma.