Kadi ya ulemavu pekee haitoshi kupata fedha za Inua Jamii

KUMILIKI kadi ya Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu hakumpi mtu haki ya kulipwa fedha za Inua Jamii. Familia ya Thika au Ruiru inayoichukulia kadi hiyo kuwa tiketi ya malipo huenda ikasubiri bure.

Kadi hutolewa baada ya mtu kukaguliwa na madaktari katika hospitali iliyoidhinishwa na serikali, kisha kusajiliwa na baraza hilo, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 2003. Humwezesha mwenye kazi kuomba msamaha wa kodi kwa mapato ya hadi Sh150,000 kwa mwezi.

Ruzuku ya Inua Jamii, ambayo ni Sh2,000 kwa mwezi, ilianzishwa mwaka 2011 kwa wenye ulemavu uliokithiri. Kinachopimwa hapa ni utegemezi: mtu asiyeweza kula, kuoga, kwenda msalani wala kujilinda bila mlezi wa kudumu.

Kwa mfano, mhitimu wa Shule ya Wasioona ya Thika ambaye sasa ni mwalimu anastahili kadi, lakini si ruzuku. Mtoto mwenye mtindio wa ubongo, ambaye mamaye ameacha vibarua ili amhudumie kutwa kucha, ndiye aliyelengwa.

Umaskini pia huzingatiwa. Familia yenye mtu anayepokea mshahara au pensheni huachwa nje, sawa na ile inayopata ruzuku ya wazee au ya mayatima.

Sharti linaloweza kuwakwaza wapangaji ni la makao: familia iwe imeishi katika lokesheni husika kwa zaidi ya mwaka mmoja. Anayehama Kiandutu, Thika, na kukodi chumba Gatongora, Ruiru, aweza kujikuta hajatimiza muda huo.

Kwa hivyo, ni vyema mlezi ajitambulishe mapema kwa chifu na kwa afisa wa ustawi wa jamii, akiwa na kitambulisho chake, stakabadhi za anayemtunza na ripoti ya hospitali.

Hata hivyo, kutimiza masharti si hakikisho la malipo. Ingawa Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinaitaka serikali kuwakimu wasiojiweza, nafasi hutegemea bajeti na usajili hufanywa kwa awamu. Jina likikosekana orodha inapoandaliwa, familia haina budi kungojea awamu nyingine.