Mgeni Amekuja: Je, Mwenyeji Amepona?

Wazee wetu walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakusema mgeni njoo, piga picha, nenda zako. Tuliikumbuka methali hiyo tulipokuwa tumesimama ukingoni mwa Shimo la Mungu, huko Newala, pamoja na wageni wawili kutoka ng'ambo ambao walikuwa wamelipa fedha si haba ili waonyeshwe nchi hiyo kwa siku moja, na ambao, kwa maoni yetu, hawakuonyeshwa kitu.

Kabla ya kueleza yaliyotokea, yafaa tukiri kwamba na sisi tumewahi kuwa wageni katika nchi za watu. Tulipofika London tulitembezwa mji kwa siku moja, kama wafanyavyo maelfu ya watu. Asubuhi tulipandishwa basi la ghorofa mbili, tukatiwa vidude masikioni, na sauti ya mashine ikatueleza kila jengo tulilopita. Mara basi likakwama katika msongamano wa magari, na sauti ikaendelea kutusifia daraja ambalo bado hatujaliona. Mchana tukaingizwa katika ngome ya kale iitwayo Tower of London, na hapo mambo yakageuka. Waongozaji wa mahali pale ni walinzi waliovaa mavazi ya zamani, na kila mmoja wao ni askari mstaafu aliyetumikia majeshi ya nchi yake si chini ya miaka 22. Tena walinzi hao hukaa mumo humo ndani ya ngome pamoja na jamaa zao. Mtu akikuonyesha mahali alipokatwa kichwa Malkia Anne Boleyn mwaka 1536, ilhali mlango wa nyumba yake mwenyewe hauko mbali, husemi naye kama unavyosema na mashine. Unamwuliza, naye anakujibu. Akichoka na swali la kipumbavu, anakutania mbele ya watu. Basi lile tumelisahau. Mzee yule hatukumsahau.

Sasa turudi kusini mwa Tanzania. Tulianza safari Masasi saa moja na nusu asubuhi. Aliyeongoza alikuwa kijana mmoja mwenye adabu, dereva hodari, mzaliwa wa mbali na mkoa ule. Waliomtuma walimpa kazi mbili, ya kuendesha gari na ya kueleza, kwa ujira wa kazi moja. Hatumlaumu. Mgeni mmoja alipomwuliza habari za majabali makubwa yaliyouzunguka mji wa Masasi, yale mawe ya kijivu yaliyosimama peke yake katikati ya tambarare, kijana alijibu, "Hayo ni mawe tu, yako mengi huku." Gari likaendelea.

Ni mawe, kweli. Lakini chini ya mawe hayo, mwaka 1876, alifika Askofu Edward Steere, yule yule aliyejulikana kwa vitabu vyake vya lugha ya Kiswahili, akiongoza kundi la watu waliokombolewa utumwani ambao walitoka naye Unguja. Nia ilikuwa kusonga mbele hadi nchi za Ziwa Nyasa, wakipita Lindi. Walipofika Masasi watu wale waliona udongo mzuri na maji, wakasema hapa panatosha. Tafakari jambo hilo, ndugu msomaji: mtu aliyeuzwa pwani kama mzigo, leo anachagua mwenyewe mahali pa kujenga nyumba yake! Mwaka 1882 Wangoni waliwashambulia, wakaua wengine na kuchukua mateka, na misheni ikahamia Newala kwa muda. Mwaka 1905, wakati wa Vita vya Majimaji, majengo ya misheni ya Masasi yaliteketezwa. Na kuanzia mwaka 1960 hadi 1968 askofu wa hapo alikuwa Trevor Huddleston, aliyepigana kwa kalamu na kwa kinywa dhidi ya ubaguzi wa rangi wa Afrika Kusini. Jioni, tulipokuwa tukinywa chai, tuligundua kwamba mmoja wa wageni wetu alikuwa amesoma habari za Huddleston huko kwao tangu ujana wake. Alipoambiwa kwamba asubuhi ile amepita katika mji wa askofu huyo, aliweka kikombe chini, akanyamaza.

Lupaso nako, alikozikwa Rais Benjamin William Mkapa mwaka 2020, hakukutajwa hata kwa jina.

Ukitoka Masasi kwenda Newala unapita nchi ya chini kwanza, kisha gari laanza kupanda. Hiyo ni sehemu ya ile barabara ya Mtwara, Newala na Masasi, yenye kilomita 210, ambayo wananchi waliisikia katika hotuba za bajeti mwaka baada ya mwaka. Kona zafuatana, hewa yabadilika, mikorosho yasimama kulia na kushoto, na ghafula umefika juu ya uwanda wa Makonde, zaidi ya mita 700 juu ya bahari. Uwanda huo huteremka polepole kuelekea pwani, lakini upande wa Newala umekatika kama mkate uliokatwa kwa kisu. Hapo ndipo penye Shimo la Mungu. Ukisimama ukingoni unaona bonde lote la Ruvuma, na ng'ambo ya mto ni Msumbiji.

Wageni walitoa kamera. Kijana wetu akasema kwamba watu wa hapa huliita Shimo la Mungu kwa sababu ni kubwa sana. Maelezo yakaishia hapo. Wakati huo akapita mama mmoja wa makamo, ndoo kichwani, na mgeni mmoja akamwelekezea kamera bila ruhusa. Mama akageuza uso. Tuliona aibu, tukamwendea.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hao wageni wako wanatafuta nini huku?"

"Wamekuja kulitazama Shimo la Mungu."

Akacheka. "Walitazame nini? Sisi tumelishuka. Marehemu mama yangu alishuka na mtungi jogoo hajawika, akarudi jua limekwisha kuwa kali. Na mimi nimeshuka nikiwa msichana. Siku hizi liko bomba. Likitoka tunashukuru, lisipotoka twategemea kisima cha mvua nyumbani. Mwambie huyo mwenye kamera aitazame njia, asitazame bonde."

Tukawafasiria wageni maneno hayo, na hapo ndipo walipoanza kuona. Kwa maana uwanda wa Makonde hauna mito juu yake. Mvua hunyesha, udongo huinywa yote, na maji hutokea chini kabisa, penye miguu ya mlima. Kwa vizazi vingi wanawake waliteremka na kupanda kila siku ili nyumba ipate maji ya kupikia na ya kunywa. Ndiyo sababu miradi ya kusukuma maji kutoka bondeni, kama ule wa chanzo cha Mitema, imekuwa jambo kubwa katika siasa za Newala na Tandahimba.

Kwa nini basi watu wakae juu, mbali na maji? Yako majibu mengi: vita, watekaji wa watumwa, homa za bondeni. Lakini Wamakonde wenyewe walikuwa na simulizi yao. Alikuwako mtu wa kwanza aliyekuwa peke yake msituni. Akachonga sanamu ya mti, akaisimamisha, na usiku sanamu ikawa mwanamke hai. Wakakaa karibu na mto, mtoto wao akazaliwa amekufa. Wakahamia juu kidogo, mtoto wa pili naye akafa. Walipofika juu ya uwanda, mtoto akaishi. Tangu hapo watoto wao wakausiwa wasijenge karibu na maji makubwa. Hapo una mambo mawili kwa pamoja, makazi ya watu hawa na sanaa yao ya kuchonga, katika hadithi ambayo yaweza kusimuliwa kwa dakika tano ukingoni mwa shimo lile.

Sisi tuliipataje simulizi hii? Kwa aibu twasema kwamba tuliisoma. Aliyeiandika alikuwa Karl Weule, Mjerumani wa Leipzig, aliyetembea Masasi, Newala na Mahuta mwaka 1906, moshi wa Majimaji haujatoweka. Alikuja na kamera, mashine ya kunasa sauti na hata ya kupigia picha za sinema. Wenyeji wakamwimbia, wakamchezea, wakamweleza. Mwaka 1908 akatoa kitabu, na vitu alivyokusanya vikaenda katika jumba la makumbusho la Leipzig. Huyo naye alikuwa mgeni aliyetembezwa. Alikaa miezi, si siku moja, na alikuwa mtu wa kuuliza. Kwa hilo tunampa haki yake. Hata hivyo alitazama kwa macho ya watawala wa siku zake, na leo sisi twalazimika kumwuliza yeye habari za bibi zetu.

Njia hiyo hiyo imepitwa na vinyago. Mwaka 1984 kinyago cha kale cha Kimakonde kiliibwa kutoka Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam. Kilikuja kuonekana katika makumbusho ya Barbier-Mueller mjini Geneva, nacho kilirudishwa mwaka 2010. Wageni wetu nao waliuliza kama wangeweza kuona mapiko yakicheza alasiri ile. Kijana akasita, akasema atajaribu kuulizia. Mwongozaji mwenyeji angejua la kujibu: kwamba lipiko ni jambo la jando, lina wakati wake na wenyewe wake, wala haliitwi kwa simu. Kujua la kukataa ni sehemu ya kazi hii, tena sehemu ngumu.

Mkulima wa korosho hahitaji somo refu kuhusu jambo hili. Kwa miaka mingi korosho zetu nyingi zimeuzwa zikiwa na maganda yake, zikasafirishwa India na Vietnam, zikabanguliwa huko, na faida ya ubanguaji ikabaki huko huko. Habari zetu nazo twaziuza ghafi. Mgeni alipia siku nzima ya matembezi. Fedha zinabaki mji mwingine. Newala inabaki na vumbi la gari. Siku ile yule mama, ambaye maneno yake peke yake ndiyo yaliyokuwa na thamani, alipewa chupa ya maji iliyokwisha kunywewa nusu. Wageni hawakuwa na nia mbaya. Hakuna aliyewaambia kwamba yule ndiye mwalimu wao.

Tunasema uongozaji wa wageni ni kazi kama kazi nyingine, na yataka mafunzo, ujira na heshima. Halmashauri za Masasi na Newala zinaweza kuchagua vijana kwa wazee, wanaume kwa wanawake, waliozaliwa huko, wakafundishwa tarehe na lugha. Mengine wanayo tayari. Ada iandikwe kwenye ubao penye Shimo la Mungu, kila mtu aione, na mgawo wake usomwe katika mkutano wa kijiji kama bei ya mnada wa korosho inavyosomwa. Gari lolote liletalo wageni limchukue mwongozaji mwenyeji, na dereva aachwe aendeshe. Na anayetaka kumpiga mtu picha aombe kwanza.

Yule kijana dereva alituambia wakati wa kurudi kwamba angefurahi sana kupunguziwa kazi moja kati ya mbili zake. Kisha akauliza kama kitabu cha yule Mjerumani kinapatikana kwa Kiswahili.