Mkarafuu Unapokauka: Namna ya Kutambua Maradhi Yake

Mkarafuu ukikauka kisiwani Pemba, hasara yake haihesabiwi kwa msimu mmoja. Mche huchukua miaka 6 hadi 8 ndipo uanze kuzaa, na kiasi cha miaka 20 kabla ya kufikia uzaaji wake kamili; aupandaye mara nyingi huwapandia wanawe. Tangu tufani ya Aprili 1872 ilipoiangusha mikarafuu mingi ya Unguja na kuinusuru ya Pemba, kisiwa hiki kimekuwa shina la zao hilo. Basi mkulima aonapo majani yanabadilika rangi hupatwa na wahaka, akachukua shoka, au akamwagia dawa yoyote iliyo karibu. Yote mawili yaweza kuwa makosa, kwani mikarafuu haifi kwa njia moja.

Swali la kwanza la kujiuliza ni hili: ni sehemu gani iliyotangulia kukauka?

Ikiwa ni tawi moja au mawili, na mti uliobaki una majani mabichi, yaelekea kuwa maradhi ya kukauka matawi. Haya huletwa na kuvu, yaani viumbe vya jamii ya uyoga, ambavyo hupenya katika jeraha. Na majeraha hayo mara nyingi hufanywa na binadamu mwenyewe. Wakati wa uchumaji matawi ya juu huvutwa kwa ngoe au kwa kamba, nayo, kwa kuwa mti wa mkarafuu ni mkavu na hukatika upesi, hupasuka penye panda. Kuvu huingia hapo, na kuteremka polepole kuelekea shinani. Tawi likikatwa kwa msumeno, ubao wake huonekana una doa la wekundu wa kahawia. Doa hilo ndilo kipimo. Yafaa kuendelea kukata chini zaidi hadi ubao uwe safi kabisa, kisha matawi yaliyokatwa yachomwe moto, na msumeno usafishwe kabla ya kugusa mti mwingine. Mti uliotibiwa mapema hupona, ukachipua tena. Ukiachwa mpaka kuvu ifike kwenye shina, hakuna la kufanya.

Hali ni nyingine kabisa iwapo mti mzima hunyauka kwa pamoja. Mkarafuu mkubwa uliokuwa ukizaa vyema hupoteza mng'aro wa majani. Mengine hupukutika, mengine hukauka yakiwa mtini, na katika siku au wiki chache mti umekufa. Ndiyo maana maradhi haya yaliitwa Kifo cha Ghafla. Jina hilo, hata hivyo, linapotosha. Wataalamu Nutman na Roberts, waliochunguza mikarafuu ya Zanzibar na kutangaza matokeo yao mwanzoni mwa miaka ya 1950, waliyahusisha na kuvu iitwayo Valsa eugeniae, na wakaona kwamba mizizi midogo inyonyayo maji huwa imekwisha kuoza kabla dalili yoyote haijaonekana juu. Mti huishi kwa akiba, mfano wa taa ambayo mafuta yake yamekwisha na utambi bado unawaka. Atakaye kuhakikisha afukue taratibu pembeni mwa shina na kutazama mizizi hiyo. Dawa ya kuuponya mti huo haipo. Hung'olewa pamoja na mizizi yake na kuchomwa. Lakini kwa kuwa maradhi hushambulia zaidi miti iliyokomaa, mche upandwao kujaza pengo una miaka mingi mbele yake kabla ya kufikia umri wa hatari.

Inafaa kutaja kwamba kule Sumatra, nchini Indonesia, mikarafuu hufa kwa namna inayofanana sana na hii, ila huko chanzo ni bakteria wakaao katika mishipa ya kupandishia maji, ambao huenezwa na wadudu wafyonzao utomvu. Dalili za kufanana si ushahidi wa chanzo kimoja.

Mchwa nao wasisahauliwe. Njia zao za udongo juu ya gome huonekana kwa urahisi, bali madhara hayaonekani: shina huliwa ndani, na mti wenye majani mazuri huangushwa na upepo. Njia hizo zibomolewe, visiki vikavu viondolewe, na kichuguu kichimbuliwe hadi malkia apatikane.

Kuhusu majimoto, wale siafu wekundu washonao majani, lawama ni nusu tu. Mwaka 1954 mtaalamu Way alieleza jinsi wanavyowafuga wadudu magamba juu ya mikarafuu ya Zanzibar ili wapate maji yao matamu. Lakini majimoto hao hao huwinda wadudu wengine waharibifu. Anayewalaani zaidi ni mchumaji, na haki anayo.

Pale ambapo mashaka yamebaki, kisu kidogo hutosha. Gome likikwanguliwa na kuonekana ubichi wa kijani chini yake, sehemu hiyo ingali hai, na shoka ingoje.