Jinsi ya kumchagulia farasi wako mbio zinazomfaa

Na Mwandishi Wetu

MKAZI wa Jangwani anaposikia neno dabi, fikra zake huenda moja kwa moja kwa Yanga na Simba, watani wa jadi ambao mechi yao imepewa jina la Dabi ya Kariakoo. Ni wachache wanaokumbuka kwamba neno hilo lilipata umaarufu katika mbio za farasi, zile zilizoanza Epsom, Uingereza, mwaka 1780, na kupewa jina la mmoja wa waasisi wake, Earl wa Derby.

Tofauti iliyopo ni kwamba dabi ya soka hurudi kila msimu, ilhali dabi ya Epsom ni ya farasi wenye umri wa miaka 3 pekee. Farasi akiikosa, au akiingizwa kabla hajawa tayari, hana ya mwakani.

Hapo ndipo wanapokwama wengi wanaojaribu gemu za kumiliki na kukimbiza farasi. Ni kweli kwamba katika vibanda vya gemu vya Kariakoo mpira wa miguu ndio uliotawala skrini. Hata hivyo, gemu za farasi zimekuwapo muda mrefu: Winning Post ya kampuni ya Koei ilianza mwaka 1993 nchini Japani, Gallop Racer ya Tecmo ikafuata mwaka 1996, na Uma Musume Pretty Derby, ambayo farasi wake ni wasichana waliopewa majina ya farasi halisi, ilitoka Japani mwaka 2021 na kupata toleo la Kiingereza mwaka 2025. Sura zake zinatofautiana, lakini zote zinamtaka mchezaji afanye kazi ya mkufunzi, yaani kuamua farasi yupi akimbie wapi na lini. Anayelipia kucheza kwa muda na kukosea uamuzi huo huweza kumaliza fedha zake akiwa na zizi zima la farasi waliochoka na wasio na ushindi hata mmoja.

Jambo la kwanza ni umbali, na kwa maoni yetu ndilo kubwa kuliko yote. Uma Musume hugawa mbio katika makundi manne: fupi zisizozidi mita 1,400, za maili hadi mita 1,800, za wastani hadi mita 2,400, na ndefu zaidi ya hapo. Kila farasi ana kundi linalomfaa, na kasi yake yote haitamsaidia akiishiwa pumzi mita 300 kabla ya utepe.

Gemu nyingi hutoa dalili kupitia wazazi wa farasi, lakini dalili hiyo isichukuliwe kuwa hukumu. Red Rum alizalishwa kwa ajili ya mbio fupi, na mbio zake za kwanza, mwaka 1967 katika kiwanja cha Aintree, zilikuwa za mita 1,000 tu. Farasi huyo huyo alirudi Aintree akashinda Grand National mara tatu, miaka ya 1973, 1974 na 1977, mbio za takriban kilomita 7 zenye kuruka viunzi.

Kwa hiyo ni vyema kusoma namna farasi alivyomaliza, wala si nafasi aliyoshika tu. Aliyeongoza hadi karibu na mwisho kisha akapitwa na wenzake anaomba apunguziwe umbali. Aliyeshika nafasi ya nne huku akiwapita wengine hadi hatua ya mwisho anaomba aongezewe, na pengine ndiye farasi bora zaidi zizini mwako ingawa bado hajakuletea hata senti. Lakini kabla ya kuhukumu, hakikisha hakulazimishwa kukimbia kasi mno mwanzoni au kuingia akiwa amechoka.

Jambo la pili ni ardhi. Marekani mbio zake kubwa, ikiwamo Kentucky Derby, hukimbiwa kwenye udongo, wakati Ulaya hutukuza nyasi. Jirani zetu wa Nairobi nao hukimbiza kwenye nyasi, katika kiwanja cha Ngong kilichofunguliwa mwaka 1954. Kabla ya hapo farasi wa Nairobi walikimbia upande wa Kariokor, mtaa uliopata jina lake kutokana na jeshi lile lile la wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza lililoipa jina Kariakoo yetu.

Katika gemu, ardhi si pambo. Haru Urara wa Uma Musume ana alama A kwenye udongo na G, ambayo ndiyo ya chini kabisa, kwenye nyasi. Mchezaji anayemwingiza kwenye nyasi kwa sababu tu zawadi ni nono anaitupa ada yake.

Tatu ni daraja. Farasi mpya huanzia kwenye mbio za wale ambao hawajawahi kushinda. Akishinda hizo hawezi kurudi tena, hivyo mlango huo usifunguliwe kwa pupa. Hakuna kocha wa Jangwani anayemchukua kijana wa miaka 16 na kumpanga moja kwa moja dhidi ya Simba, lakini watu hao hao wakishika gemu humpeleka farasi wa mbio mbili kwenye dabi! Zipo pia mbio za kusawazisha uzito, ambamo farasi mwenye rekodi nzuri hubebeshwa kilo nyingi zaidi. Humo farasi wa kawaida aliyepewa uzito mdogo huweza kumshinda bingwa.

Wala mpanda farasi hodari hatoshi kuziba pengo la uwezo. Haru Urara halisi, farasi jike wa kiwanja cha Kochi, alikimbia mara 113 bila kushinda. Machi 2004 alipandwa na Yutaka Take, nyota wa Japani, na bado akawa wa 10 kati ya farasi 11.

Ni lazima hapa tutenganishe gemu hizi na farasi wa kompyuta wanaoonyeshwa katika maduka ya kubahatisha. Katika gemu farasi ana sifa zinazokua na kushuka, na uchaguzi wako una uzito. Kule matokeo hutolewa na programu inayochagua namba kwa bahati, huku malipo yakiwa yamepangwa ili mwenye duka abaki na faida. Hakuna umbali wala ardhi ya kusoma, hata kama jina la farasi limejirudia mara kumi asubuhi hiyo.

Mwisho ni kalenda. Uma Musume humwadhibu farasi anayekimbia mfululizo bila kupumzishwa, na gemu nyingine hupunguza afya au ari yake. Mkufunzi makini huchagua kwanza mbio kuu ya mwaka, kisha huhesabu kurudi nyuma, akiweka mbio moja au mbili za kumwandaa na wiki za mapumziko kati yake.

Mfano mzuri ni wa Camelot, farasi wa mkufunzi Aidan O'Brien wa Ireland. Mwaka 2012 alishinda 2000 Guineas, mita 1,600, mwanzoni mwa Mei, na dabi ya Epsom, mita 2,400, mwanzoni mwa Juni. Alikuwa hajafungwa hata mara moja. Septemba akapelekwa kwenye St Leger ya Doncaster, takriban mita 2,900, kutafuta taji la tatu ambalo farasi wa mwisho kulitwaa pamoja na hayo mawili alikuwa Nijinsky mwaka 1970. Encke alimtangulia kwa robo tatu ya urefu wa farasi.